Helikopta isiyoruka: shajara ya mradi wa Kiwalani

Mwanzo wa Machi

Yadi imepatikana. Iko Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na kila ndege inaposhuka tunanyamaza hadi ipite. Wengine wangeona kero. Sisi inatufaa, maana kazi tunayotaka kuifundisha hufanyika mahali ambapo mtu hasikii anachoambiwa hata ukimpigia kelele sikioni.

Kwa anayeanzia kusoma hapa: tunajenga helikopta ya mfano kwa mabomba ya chuma na plaiwudi, yenye ukubwa wa helikopta halisi ya kijeshi, ili vijana wanaotaka kazi ya kuhudumia helikopta zikiwa chini wajifunzie hapo kabla hawajasogelea yenye injini. Kujaza mafuta, kukagua, kusukuma, kufunga. Tumechagua umbo la UH-1, ambayo dunia nzima inaiita Huey. Miongozo yake ya jeshi la Marekani iko wazi kwa yeyote, vipimo vyake vinajulikana, na ndugu zake wa kiraia, Bell 205 na 212, bado wanafanya kazi nchi nyingi.

Mradi wote umesimama juu ya jambo moja ninaloliamini: vinavyomuua mhudumu wa helikopta karibu vyote havionekani. Panga la mkia, yaani feni ndogo ya nyuma, likishika kasi halionekani. Umeme tuli hauonekani. Mvuke wa mafuta hauonekani, na maji ndani ya mafuta hayaonekani mpaka yatulie. Sasa kijana ukimwambia "kuwa mwangalifu", unataka aangalie nini? Kazi yetu ni kuvitoa vitu hivi hadharani, kisha kuizoesha mikono utaratibu hadi isihitaji kukumbushwa.

Katikati ya Machi, fremu na rota

Mabomba tumenunua Gerezani, na fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake. Kiwiliwili kilisimama haraka. Kazi ilikuwa kwenye rota, yaani feni kubwa ya juu. Rota kuu ya UH-1H ina kipenyo cha mita 14.63, ncha hadi ncha, na yadi yetu ni ndefu lakini nyembamba. Kwa hiyo mapanga mawili yamekaa moja mbele, moja nyuma, wala hayazunguki. Hivyo ndivyo Huey inavyoegeshwa: panga la nyuma hulala juu ya boriti ya mkia na kufungwa kwa mkanda ili upepo usilirushe. Duara la rota tumelichora sakafuni kwa rangi nyeupe, na pale lilipokutana na ukuta limepanda ukutani. Vijana wakiingia yadini wanaliona duara kabla hawajaiona helikopta, na ndivyo ninavyotaka.

Panga la mbele tumeliwekea bawaba na kamba. Mkufunzi akilegeza kamba, ncha inashuka hadi usawa wa paji la uso wa mtu mzima, na ukingoni tumefunga vipande vya godoro la sponji. Sababu yake ni hii. Rota ikizunguka kwa kasi kamili, mapanga hujinyoosha yenyewe. Lakini injini inapowashwa, na zaidi inapozimwa, mapanga yanazunguka polepole na hayana nguvu ya kujishikilia, na upepo mmoja tu unatosha kuyasukuma chini. Mtu anaona rota imepoa, anadhani hatari imeisha, anatembea wima. Kwetu anapigwa na sponji.

Swali lililokuja mara moja: basi tupite upande gani? Nimekataa kuwapa jibu moja. Kwa Huey, unakuja kutoka mbele au ubavuni, mahali rubani anakuona, umeinama, baada ya yeye kukupa ishara. Kwa Black Hawk, mlingoti wa rota umeinamia mbele na panga la mbele liko chini zaidi, kwa hiyo watu huingilia ubavuni. Chinook ina rota mbili, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma, na askari huingilia nyuma kwenye mlango wa kushukia. Kwenye mteremko, hakuna kushuka kutoka juu kuelekea helikopta, kwa aina yoyote ile, kwa sababu ardhi yenyewe inakupandisha kwenye mapanga. Na kofia hazivaliwi. Kofia ikipeperuka, mwili unaikimbilia kabla akili haijafikiri.

Mwisho wa Machi, panga la mkia

Hii ndiyo sehemu niliyoisumbukia kuliko zote. Panga la mkia la UH-1H lina kipenyo cha mita 2.59 na huzunguka takribani mara tano ya kasi ya rota kuu. Tumechukua mota ya feni ya kiwandani, tukaifungia vipande vya sponji ngumu vilivyopakwa nyekundu na nyeupe, tukaizungushia wavu wa chuma. Nyuma yake kuna ubao wenye herufi kubwa.

Zoezi ni rahisi. Mota imezimwa, kijana anasoma ubao, anakosa herufi kwa sababu sponji zimeziba. Mota inawashwa. Binti mmoja alisoma mstari wote bila kukwama, akageuka: "Mwalimu, mbona sasa nasoma vizuri zaidi?"

"Ndiyo shida yenyewe, mwanangu," alimjibu Mzee wetu, fundi mstaafu wa helikopta anayetusaidia. Hakuongeza neno.

Ni kama pangaboi la dari likiwa namba ya mwisho: jicho linapita katikati na kuona dari. Tofauti ni kwamba hili liko chini, mahali kichwa cha mtu kinapoweza kulifikia.

Baada ya hapo tulichora eneo jekundu kuanzia nyuma ya mdomo wa tangi la mafuta hadi mbali nyuma ya mkia. Hakuna anayelikanyaga, injini ikiwa hai au imezimwa. Vijana walilalamika: helikopta ni ya plaiwudi, kwa nini tuzunguke? Kwa sababu miguu haiulizi kama injini inawaka. Inapita njia iliyoizoea. Tuliona hilo kwa macho: mdomo wa tangi uko ubavu wa kulia, nyuma ya mlango, na kijana aliyebeba mpira wa mafuta kutoka kwenye boza akiachwa achague njia yake, anachagua ya mkato, na ya mkato inapita mkiani. Tukahamisha alama ya boza mbele zaidi. Sasa mpira wenyewe haufiki eneo jekundu hata kijana akitaka.

Mwanzo wa Aprili, umeme tuli

Mafuta yanapopita kwenye mpira, na zaidi yanapopita kwenye kichujio, hujikusanyia chaji ya umeme. Helikopta nayo hujikusanyia chaji yake kwa mapanga kukata hewa, na ndiyo maana askari wanaofunga mzigo chini ya helikopta inayoelea hugusisha kwanza fimbo yenye waya wa eathi, yaani waya wa kwenda ardhini, kwenye ndoana. Mvuke wa mafuta unahitaji kama milijuli 0.2 tu, yaani nguvu ndogo mno, ili uwake. Mwili wa mtu hausikii mshtuko wa umeme tuli mpaka ufike takribani volti 3,000, na kabla hapajafika hapo cheche tayari ina nguvu ya kutosha kuwasha. Maana yake cheche inaweza kuruka kidoleni kwako, ikawasha, wewe hujahisi kitu.

Dawa yake ni waya, na mpangilio wa waya. Kwanza waya wa kuunganisha boza na helikopta. Pili waya wa nozeli, yaani mdomo wa mpira wa mafuta, kwenye tundu lake la helikopta. Ndipo kifuniko cha tangi kinafunguliwa. Ukimaliza: nozeli inatoka, kifuniko kinafungwa, ndipo waya wa nozeli unachomolewa, na wa boza unatoka mwisho kabisa. Ukiutazama mpangilio huo utaona una nia moja: kama cheche lazima iruke, iruke kifuniko kikiwa kimefungwa.

Hapa tulikutana na jambo ambalo miongozo inalitaja kwa mstari mmoja tu, nasi tumelipa siku nzima. Kijana mmoja alifanya kila kitu kwa mpangilio. Klipu ya waya imeuma fremu, imeshika imara. Mzee akaleta mita ya umeme, akagusa klipu kwa upande mmoja na chuma cha mdomo wa tangi kwa mwingine. Kimya. Klipu ilikuwa imeuma juu ya rangi. Akaitoa, akasugua kwa msasa nafasi ndogo ya ukubwa wa ukucha mpaka chuma kikang'aa, akairudisha, mita ikalia. Tangu siku hiyo mita inakaa kwenye meza ya zoezi, na kila kijana anapima waya wake mwenyewe kabla hajagusa kifuniko. Kwenye helikopta halisi hakuna kukwaruza. Kuna tundu maalumu la waya, na kijana anafundishwa alitafute hilo. Lakini masikio yao sasa yanajua kimya cha klipu iliyouma rangi.

Kulikuwa na ubishi kuhusu eathi. Miongozo ya jeshi la Marekani kwa vituo vya porini inataka nondo ipigwe chini. NFPA 407, kiwango cha Marekani cha kujaza mafuta kwenye ndege, kinasisitiza kuunganisha boza na ndege na hakidai eathi. Mimi nawafundisha hivi: kuunganisha hakukosekani kamwe, eathi fuata utaratibu wa kituo chako.

Mavazi: pamba, si nailoni. Viatu visiwe na misumari. Simu inaachwa getini. Na hili hapa tunalirudia kila wiki kwa sababu mwili unakataa kulitii: ukimwagikiwa mafuta, usivue nguo papo hapo. Kuvua kunazalisha cheche. Ondoka eneo la mafuta, jimwagie maji mengi juu ya nguo, ndipo uvue. Ndoo ya maji iko pale kona, na tunalifanya zoezi kweli, mtu analowa chapachapa.

Aprili, somo la mafuta yenyewe

Karibu kila kijana anafika akiamini mafuta ya ndege ni hatari kuliko petroli. Sijui imani hii inatoka wapi, lakini inapotosha pande zote mbili. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya takribani nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna Mtanzania asiyekumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, boza la petroli lililopinduka, watu wakakimbilia kuchota, na waliofariki wakazidi 100. Jet A-1, mafuta ya ndege tunayoyazungumzia, ni ndugu wa mafuta ya taa, na kiwango chake cha chini cha kutoa mvuke wa kuwaka ni nyuzi 38 za Selsiasi. JP-8 ya majeshi ya NATO ni hiyohiyo nyuzi 38, pamoja na viongeza vyake. JP-5, ya meli za kivita, imewekwa nyuzi 60 kwa sababu moto ndani ya meli hauna pa kukimbilia. TS-1 ya Kirusi inaanzia 28. Jeshi la Marekani liliachana na JP-4, iliyochanganywa na vitu vyepesi kama vya petroli, na uzoefu wa vita vya Vietnam ulichangia uamuzi huo.

Halafu kijana anashusha pumzi: kumbe 38 ni nyingi. Hapo tunatoka nje. Saa saba mchana, Dar es Salaam, weka kiganja kwenye sakafu ya zege. Hewa inaweza kuwa nyuzi 32, lakini zege na lami vimeshapita 38 zamani, na mafuta yakimwagika yanapata joto la sakafu, si la hewa. Tena mafuta yakitoka kwa kunyunyiza, kama mpira ukipasuka kwa shinikizo, matone madogo yanawaka hata chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo tone lolote sakafuni linafutwa kwanza, kazi inaendelea baadaye. Mtungi wa kuzimia moto unakaa upande upepo unakotoka, na anayeushika hana kazi nyingine yoyote.

Masika

Mvua imeshika. Mtaa wa nyuma umejaa maji, fundi wa kuchomelea hakufika, nasi tumeamua kufanya somo la maji kwenye mafuta maana limejileta lenyewe.

Tuna chupa kubwa za kioo. Moja ina mafuta ya taa safi. Ya pili imetiwa maji kidogo na kutikiswa: mwanzoni ni ukungu mtupu, baada ya muda maji yanakaa chini na mstari unaonekana. Ya tatu ndiyo ya hila. Inaonekana safi kabisa. Tukavuta sampuli kwa sirinji kupitia kapsuli ya kupimia maji, ambayo ni ya njano, ikatoka kijani. Kapsuli za aina hii hukamata maji yakiwa hata chini ya sehemu 30 kwa milioni, kiasi ambacho jicho halina uwezo nacho. Vijana wakaipitisha mkono kwa mkono kwa muda mrefu.

Maji yanaingiaje? Hewa yetu ya pwani inatosha. Tangi lililo nusu linapumua: mchana linatoa hewa, usiku linavuta hewa yenye unyevu, nao unageuka matone kwenye kuta na kushuka. Panapokutana maji na mafuta, kwenye joto kama letu, huota ukungu, hasa ule uitwao Hormoconis resinae, utando wa kahawia unaoziba vichujio na kula chuma. Kwa hiyo asubuhi, kabla helikopta haijatikiswa, mafuta ya chini ya tangi yanatolewa na kutazamwa kwenye kioo. Kwenye tangi la akiba, kanuni ya kawaida ni kuyaacha yatulie saa 3 kwa kila mita ya kina kabla ya kuyagusa.

Mapipa yalichukua mchana wote, na sijutii, kwa sababu huko mikoani helikopta nyingi hujazwa kutoka kwenye pipa la lita 200. Pipa linahifadhiwa limelazwa, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari wa mlalo, kimoja kushoto na kingine kulia, ili ndani viwe vimelowa mafuta na nje mvua isipate pa kutuama. Kabla ya kutumia linasimamishwa, linainamishwa kwa kabari ili maji na uchafu vikusanyike upande mmoja, na bomba la pampu linaingia upande wa juu bila kugusa kitako. Mafuta ya mwisho kwenye pipa yanabaki kwenye pipa. Kijana mmoja aliuliza kama si hasara. Nikamsimulia safari ya Cathay Pacific namba 780, Aprili 2010, kutoka Surabaya kwenda Hong Kong. Maji ya chumvi yaliingia kwenye mabomba ya mafuta ya uwanjani, yakaharibu vichujio, chembe zake zikakwamisha vali za injini zote mbili, na marubani wakatua kwa kasi ya zaidi ya kilomita 400 kwa saa kwa sababu injini moja ilikataa kupunguza nguvu. Wote walipona. Pipa lenye lita chache chini, baada ya hapo, hakuna aliyeligombania.

Radi ikisikika, kujaza mafuta kunasimama. Leo ilisikika katikati ya zoezi, na waliukatisha mchakato kwa mpangilio sahihi bila kuambiwa. Nilifurahi sana.

Mei, kusukuma na kukagua

Huey haina magurudumu, ina vyuma viwili vya kukalia. Ili kuisogeza unafunga magurudumu ya pembeni na kuiinua kwa pampu ya haidroliki ya mkono. Mfano wetu tumeupakia mifuko ya mchanga ili uwe na uzito unaomfundisha mtu adabu. Mmoja anashika mkia, wawili wanatembea wakitazama ncha za mapanga na ukuta, mmoja pekee anatoa amri, na mwendo ni wa mtu anayetembea. Hakuna kusukuma kwenye milango, antena wala mabawa madogo ya mkiani. Yeyote akinyoosha mikono juu na kuikutanisha msalaba, wote wanasimama, hata kama ndiye mdogo kuliko wote.

Kwenye ukaguzi nimeweka mkazo kwenye hesabu ya vifaa tu. Kila spana ina umbo lake lililokatwa kwenye trei, pengo likibaki, kifuniko cha injini hakifungwi. Vifuniko vya midomo ya injini na mkanda wa panga vina vitambaa vyekundu, na aliyevifunga ndiye anayevihesabu vikitoka. Mafuta ya haidroliki ya rangi nyekundu, ya injini ya turbini na ya kawaida ya magari hayabadilishani hata tone. Na kwa kuwa tuko pwani, chumvi: injini inayoruka karibu na bahari inaoshwa kwa maji safi kwa ratiba ya mtengenezaji.

Mei, nafasi na vumbi

Jioni moja Mzee aliwasimulia Iran, usiku wa 24 Aprili 1980. Marekani ilikuwa imeshaisitisha operesheni ya kuwaokoa mateka wake. Helikopta zilikuwa zimetua jangwani kujazwa mafuta kutoka kwenye ndege za C-130. Helikopta moja ya RH-53D iliinuka ili ihamie mahali pengine, vumbi likafunika kila kitu, rota ikaigonga ndege iliyobeba mafuta. Walikufa wanajeshi 8. Hakuna risasi iliyowaua.

Tulirudi yadini tukaongeza kitu kimoja: gunia la pumba za mbao na feni kubwa, ili muongozaji ajifunze kubaki mahali anapoonekana na kusimamisha kila kitu anapopoteza mawasiliano ya macho na rubani. Miongozo ya Marekani huweka takribani mita 30 kati ya vituo vya kujazia helikopta za kawaida, na zaidi kwa Chinook. Yadi yetu haina nafasi hiyo, kwa hiyo tumeipima na kuichora kwenye barabara ya vumbi nje ya geti, na vijana wameitembea kwa miguu huku na huko.

Hali ilivyo sasa

Zoezi la mafuta linafanyika lote kwa ishara, masikio yamezibwa, bila neno. Kundi la kwanza linalimudu. Kujaza injini ikiwa inawaka tumeliacha kabisa. Halifundishwi kwa plaiwudi, na mwenye helikopta ndiye wa kulifundisha. Bado tunatafuta nozeli ya kujazia isiyopitisha hewa, hata iliyochakaa, ili vijana waone tofauti yake na ya kawaida. Sponji za panga la mbele zimeloa mvua na zinahitaji kubadilishwa. Wiki ijayo tunaanza zoezi la usiku kwa taa za mkononi, na kabla ya hapo duara jeupe linapakwa upya, kwa rangi inayoakisi mwanga.